Mahame ya Bula Alio

Bula Alio, njia ya Wajir
2 Juni 1951

Mama yangu Tiya, uliye Masalani, kwa mkono wa Ami Mursal wa dukani.

Ami, wewe ndiwe uliyenifundisha herufi juu ya meza ya duka lako, kwa hiyo ukikuta kosa ni lako. Msomee Mama polepole, na penye furaha usiharakishe.

Mama, salaam. Sisi wazima, ila kukukumbuka. Mjukuu wako amezaliwa mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Anaitwa Lul. Ana masikio ya Guleid na hasira zako. Akicheleweshewa ziwa anakunja uso kama wewe ukiona nyani kwenye mahindi.

Juzi ametimiza arobaini. Nikafinyanga mafiga matatu kwa udongo wa kichuguu, kama ulivyonifundisha, maana mawe hapa hakuna. Figa la tatu, kabla halijakauka, nikalikandamiza kiganja chake, kama ulivyotufanyia sisi nyumbani. Wanawake wa hapa walicheka sana. Mama mkwe aliniuliza mtoto wa siku arobaini ana haraka gani ya kupigwa dole kama mzee anayetafuta kipande cha serikali. Lakini alama imetoka nzuri, vidole vyote vitano, na moto umeshaikausha ikawa ngumu kama chungu.

Mama, siku ya harusi ulisema Guleid ananipeleka kuishi na digidigi. Sikukujibu kwa sababu ya watu. Sasa nakujibu: tunakaa mji mzuri. Tuna duka, tuna msikiti, na daktari wa serikali hupita. Lala usingizi.

Mwanao,
Darare

*

Masalani
28 Juni 1951

Mwanangu Darare,

Mursal ameisoma barua yako mara tatu. Mara ya nne akasema koo limekauka, nikamchemshia chai, akasoma. Namshukuru Mungu kwa Lul. Nimelia kidogo, lakini ni kilio cha kula nacho ugali.

Nimefurahi kwamba ni mji. Tangu uondoke, kila nikisikia fisi ng'ambo ya mto nasema huyo anamzunguka mwanangu. Kumbe una duka! Basi mji huo una nyumba ngapi? Ni mkubwa kuliko Masalani? Duka ni la nani, na kaniki wanauza? Na kisima kiko umbali gani, maana umetaja duka na msikiti na daktari, maji hukuyataja, na wewe ni mtoto wa mtoni, maji hungeyasahau.

Nataka kumwona huyo mtoto. Kusimuliwa nimeshasimuliwa. Nataka kumwona. Mahindi yakishavunwa nitapanda lori.

Mimi mzima. Macho tu yananiwasha, ni moshi wa kuni mbichi.

Mama yako,
Tiya

Ameniambia niandike moshi, nami nimeandika moshi. — Mursal

*

Bula Alio
19 Julai 1951

Mama yangu mpenzi,

Umeniuliza nyumba ngapi. Nyumba zinatosha. Tuseme ni kijiji, basi, nisijivune sana. Maji tunayateka kwa ngamia, mwendo si mbaya.

Nikueleze jambo la kukuchekesha. Hapa petu kila mtu anapaita lake. Dereva wa lori anasema kituo. Askari mwenye kilemba chekundu anaandika manyatta kwenye kitabu chake. Waborana wakipita na ng'ombe wanasema olla. Sisi wenyewe tunasema bula, na kwa kuwa mzee wetu ni baba mkwe, Alio, basi ni Bula Alio. Mwezi uliopita nilikwenda Garissa na Guleid, karani akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akamgeukia mwenzake akasema, "Bara huko." Hata kalamu hakuichovya. Nilitoka nimekasirika, Guleid akanicheka, akasema Bula Alio haihitaji wino wa karani, ngamia wanaijua.

Mama, usije kwanza. Njia ni mbaya na lori linarusha. Subiri mvua za vuli zipite, mimi nitamleta Lul huko huko. Ameanza kucheka akipulizwa shingoni. Hayo macho yaoshe kwa maji ya chumvi, na kuni mbichi uache.

Mwanao,
Darare

*

Masalani
10 Agosti 1951

Darare,

Barua ya kwanza uliandika mji. Ya pili kijiji. Katikati ukapitisha kituo, manyatta na bara. Mahali gani hapo panapopungua kila mwezi? Nikingoja mvua za vuli nitakuta mkeka mmoja.

Sikukuzaa jana. Ulipokuwa mdogo ukivunja mtungi ulikuwa unaanza kunisimulia habari za kuku. Kama unakaa porini, sema unakaa porini. Sitakuja kukucheka.

Na mimi nikwambie langu, kwa sababu sisi wawili tukidanganyana, Mursal ndiye atakayebaki anajua kila kitu. Si moshi. Jicho la kushoto limeshafunga tangu mwezi wa Ramadhani. La kulia naona mtu lakini sioni pua yake, mpaka aje karibu. Nilikwenda kwa dresa wa zahanati, akaniwashia tochi, akaniambia, "Mama, kama kuna kitu unataka kukiona, kione mwaka huu."

Mimi mto nimeuona. Mahindi nimeyaona. Baba yako nilimwona hadi siku ya mwisho. Kilichobaki ni Lul.

Kwa hiyo nakuja. Niambie tu jina la kumtajia dereva.

Mama yako,
Tiya

*

Bula Alio
30 Agosti 1951

Mama,

Lori linanguruma na dereva ananiangalia, kwa hiyo naandika mbio.

Njoo. Sikujua. Usingoje mahindi, mwachie jirani, njoo sasa hivi.

Ukifika Garissa panda lori la Wajir, mwambie dereva akushushe Bula Alio, penye mgunga uliotundikwa tairi bovu. Madereva wote wanapajua. Ni kitongoji tu, Mama. Nyumba ni chache. Yale mengine nitakueleza ukiwa umekaa na umekunywa maziwa.

Nitampaka Lul mafuta kila asubuhi ili siku utakayofika umkute anang'aa.

Darare

*

Bula Alio
24 Oktoba 1951

Mama yangu,

Siku arobaini na zaidi nimetazama barabara. Sasa nafikiri ni mahindi yamekuchelewesha, au lori, au umekasirika. Kama bado hujatoka, soma hii kwanza.

Tumehama. Mvua ilinyesha upande wa mashariki, wazee wakatuma watu wawili kwenda kutazama majani, wakarudi na mikono imejaa nyasi mbichi. Nilimwomba baba mkwe tungoje. Mzee Alio si mtu mbaya, alingoja siku tano kwa ajili yako, na ngamia wakitafuna vijiti. Siku ya sita alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Binti, mama yako nitamheshimu akifika. Lakini hawa wakifa, tutamkaribisha na nini?" Tulivunja nyumba asubuhi, na adhuhuri zilikuwa mgongoni mwa ngamia.

Mafiga nimeyaacha. Nilitaka nichukue lile moja lenye mkono. Mama mkwe akasema tangu azaliwe hajaona mtu akipakia udongo juu ya ngamia. Kila mtu alicheka na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya kichaka nikalia.

Lakini si mbali. Ni mwendo wa siku moja kutoka penye ule mgunga. Ukishuka pale, ulizia Bula Alio, mchungaji yeyote atakuleta.

Lul ana meno mawili.

Mwanao,
Darare

*

Masalani
12 Novemba 1951

Darare,

Huyu ni Mursal, kabla mama yako hajaanza kusema. Barua yako ya tarehe 24 imefika siku ya tatu baada ya kuwasomea hitima. Wewe, Guleid na mtoto. Watu walikuja mpaka kutoka ng'ambo. Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa chini nje ya duka langu mwenyewe. Sasa anasema yeye, mimi naandika.

Mwanangu, uko hai. Nimemwambia Mursal arudie mstari wa meno mawili mpaka jirani amekuja kuuliza kuna nini.

Nilikuja. Lori la huku lilichelewa, nilifika Garissa mwishoni mwa mwezi wa kumi, nikalala siku nne nikingoja la Wajir. Dereva alikuwa mtu mwema, akanikalisha mbele. Nikamwambia Bula Alio, akasema anapajua, na kweli alipajua. Akanishusha kwenye mgunga wenye tairi, akasema atapita tena kesho akitokea Wajir.

Mti niliuona. Tairi niliona kitu cheusi. Nikaingia ndani kwa kufuata ukuta wa miiba kwa mkono. Niliita, "Hodi." Nikaita tena. Kisha nikakanyaga majivu, nayo yalikuwa baridi.

Darare, sisi ni watu wa mto. Kwetu watu hawaachi nyumba zao ila kwa mambo mawili: mafuriko au maradhi. Maji pale hayakuwepo. Kwa hiyo nikajua ni maradhi. Nilitambaa kutoka duara moja la nyumba hadi jingine nikihesabu, yalikuwa saba, nikajiuliza ni lipi mwanangu alilofia.

Alikuja mwanamke mchungaji wa mbuzi, jina lake Abshiro. Kiswahili chake cha kuokoteza. Nikamuuliza Bula Alio wako wapi. Akanyoosha mkono, akasema, "Bula Alio iko huko. Twende, mama. Kesho tunafika." Nikamwambia asinichezee, Bula Alio ni hapa, mwanangu ameandika kwa mkono wake, na dereva ameniambia ni hapa. Akasema tena, "Hapa si kitu. Iko huko." Nikadhani anataka kuniondoa ili nisikae na wafu, au ana lake. Alinishika mkono nikauvuta. Aliniachia maziwa kwenye kibuyu akaenda na mbuzi wake.

Alisema kweli. Mimi ndiye niliyekataa. Hilo nitakwenda nalo kaburini.

Alipokwenda nikapapasa tena. Katika duara la tano nikagusa mafiga ya kufinyanga, nikajua, maana nani mwingine katika nchi ile angepoteza maji kufinyanga mafiga? La tatu likawa na mkono. Nikaliweka karibu na jicho langu, jua lilikuwa bado lipo. Niliuona, Darare. Kidole gumba kimepinda kwa nje, kama cha baba yako. Kitu cha mwisho nilichokiona vizuri duniani ni hicho, na nilikiona nikiamini mwenyewe ameshazikwa.

Mji ule ulioniandikia nimekaa ndani yake siku nzima. Kwetu mahali walipohama watu panaitwa mahame. Maneno yote uliniandikia, hilo moja ukaniachia nilikute mwenyewe.

Figa nimelibeba mapajani hadi Masalani.

Mama yako,
Tiya

Mwanangu Darare, jicho la kulia la mama yako nalo limefunga. Alirudi akiwa bado anaona mwanga wa mlango. Baada ya hitima akaniambia hata mlango haupo. Hakutaka niandike. Nimechoka kuandika moshi. — Mursal

*

Bula Alio, ilipo sasa
6 Desemba 1951

Mama,

Barua yako Guleid ameniletea kutoka Garissa. Nimeisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea yeye, nikifasiri kidogo kidogo. Amekwenda kukaa na ngamia tangu asubuhi. Hajui namna ya kuniangalia.

Nakuandikia sasa yale ambayo ningeyaandika mwezi wa sita. Duka ni lori la mfanyabiashara linalosimama kwenye mgunga mara moja kwa mwezi, likipenda. Msikiti ni mstari wa matawi ya miiba yaliyopangwa chini kuonyesha kibla. Daktari wa serikali hupita, ni kweli, anapita barabarani na vumbi lake, hasimami. Nyumba ni saba, kama ulivyohesabu. Ni vijiti na mikeka, na mimi mwenyewe naweza kuivunja yangu kabla chai haijachemka.

Uongo huo haukukudhuru. Ungefika ungenicheka, yangeisha hapo. Kilichokudhuru ni lile nililolijua nikaliona aibu: kwamba jina hapa halikai chini. Bula Alio ni Alio na watu wake, popote walipolala. Kila mtu wa hapa anajua, hata watoto. Mgeni akija haulizi mahali, anamuuliza mtu. Ningekuandikia maneno matatu tu, "Uliza Alio mwenyewe," Abshiro angekuchukua na ungefika kesho yake jua likiwa juu. Lakini ningeandika hivyo ningekubali kwamba mwanao hana anwani. Nikaandika mti na tairi, kama watu wenye mji.

Abshiro namjua. Alifika kwetu siku ya pili baada ya kukuacha, akasema kuna mama wa mtoni kule anaongea na majivu. Nilikimbia, Mama. Guleid alinipandisha ngamia, Lul mgongoni, tukaenda usiku na mchana. Tulipofika palikuwa na kibuyu cha Abshiro kimening'inizwa kwenye mwiba, na alama za magurudumu. Mafiga yalikuwa mawili. Nikajua umelichukua, nikafurahi kama mjinga, nikasema basi Mama ameelewa, ataniandikia. Sikujua umekwenda kunisomea hitima.

Sikuombi msamaha leo. Nitauomba nikiwa mbele yako.

Vuli imekata barabara, malori yamekwama kwenye matope. Jua likirudi nitakuja.

Darare

*

Masalani
3 Januari 1952

Mwanangu,

Acha kujipiga. Mimi nilivuta mkono wangu kwa mtu aliyenipa maziwa, wewe uliona haya. Tumegawana, kila mtu abebe fungu lake.

Kibuyu mrudishie Abshiro kama hujamrudishia, na ndani usikirudishe kitupu. Mwambie yule mama wa mtoni anamsalimu.

Figa nimeliweka kwenye jiko langu lakini sibandiki sufuria juu yake. Watu wanaliona wanadhani nimechanganyikiwa, jiko la mafiga manne. Jioni nikimaliza kazi nalishika. Kidole changu cha shahada kinaingia chote ndani ya kiganja chake. Nimeshamzoea. Nimejua hata mstari ulio chini ya kidole cha pili.

Mto umejaa, kisha utashuka. Mimi niko pale pale. Sisi hatuhami.

Mama yako,
Tiya

*

Njiani
17 Februari 1952

Mama yangu,

Tarehe naiweza, mahali nimekosa la kuandika, nikaandika njiani.

Kiangazi kimekuwa kikali, mabwawa yamekauka yote. Mzee Alio amepata kibali kutoka Garissa, wanyama wake wanywe mtoni hadi mvua za masika. Wazee walikaa wakajadili ni sehemu gani ya mto. Wanawake huwa hatuitwi. Lakini jana jioni alipita karibu na moto wangu, akasimama, akaniuliza kama upande wa Masalani una majani ya kutosha. Nikamwambia yapo. Sijui kama yapo. Akasema, "Basi," akaondoka.

Kwa hiyo siji kwako peke yangu. Bula Alio inakuja, nyumba zote saba, na mama mkwe na maneno yake. Dereva wa lori ataifikisha barua hii kabla yetu. Sisi tuna mwendo wa siku kumi na mbili, kumi na tano tukiwa na ndama.

Sasa kitu kimoja nataka nikwambie mapema, ili usikipate ghafla. Jana nilimshika Lul mkono nikaukandamiza kwenye udongo wa kisima, nikaupima. Hautaingia tena kwenye lile figa. Vidole vimepita. Ule mkono uliouzoea kila jioni, Mama, ni wa mtoto wa siku arobaini, na huyo hayupo tena. Mimi nimemwona akiondoka kidogo kidogo, wewe ulipaswa uwe umekaa hapa unamwona pamoja nami. Huyu nitakayemleta itabidi umshike upya, tangu mwanzo. Anauma. Anavuta hereni. Kidole gumba bado kimepinda kwa nje.

Najua uso wake hutauona, na najua kwa nini. Siku nyingine namtazama akicheka nataka nimfunike, naona kama ninakula peke yangu.

Ngamia wetu wana kengele za mbao, sauti yake ni nzito, inatangulia watu. Utaisikia nyuma ya mashamba kabla mbwa hawajabweka. Ukiisikia, usimuulize mtu pale tutakapopiga kambi panaitwaje, kila mmoja atakupa jina lake. Simama mlangoni uite Darare.

Nitaitika.

Mwanao,
Darare